Mama Robo na Nguvu za Pikapu Namba Kumi na Nne

Ifikapo saa kumi jioni ya tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa injini za dizeli katika karakana ya Idara ya Maji atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja kazini. Hesabu hii ya miezi na siku ni yake mwenyewe. Barua ya kustaafu ilitaja miaka thelathini na mitatu tu, naye akaja nayo mpaka dirishani kwangu, miwani ikiwa puani, kuuliza hiyo mingine imepelekwa wapi.

Mimi ni mtunza stoo wa karakana hiyo hiyo. Nimefanya kazi jirani naye kwa miaka ishirini na sita, ukuta mmoja tu kati yetu. Mkuu wa karakana aliponiomba niandike wasifu huu alisema mtu wa stoo ndiye anayejua nani aliharibu nini. Alikuwa anatania, lakini nimelichukua neno lake kama lilivyo. Mama Robo mwenyewe ameusoma kabla haujapelekwa kuchapwa, na sehemu niliyodhani ataifuta ndiyo aliyosema ibaki.

Alifika hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, cheti cha ufundi wa magari, na ovaroli ya mwanamume aliyoikunja miguuni mara tatu. Wakubwa wa wakati huo wakamtafutia meza ofisini ili awe anaandika hati za safari. Alikaa mezani siku mbili. Siku ya tatu walimkuta chini ya lori la kuchimbia visima, pampu ya dizeli ameshaishusha, na hati za safari amezipanga vizuri juu ya meza na kuziwekea nati kubwa zisipeperuke. Msimamizi akaona yaishe. Akampa chumba cha nozeli, kwa kuwa hakuna fundi mwingine aliyekitaka: chumba chembamba mwisho wa jengo, chenye dirisha moja na harufu ya dizeli iliyoingia hadi kwenye plasta.

Humo ndimo alimojifanyia jina. Nozeli ndiyo inayopulizia mafuta ndani ya injini, na kila ikija mbovu alikuwa akiifunga kwenye kifaa cha kupimia, anavuta mpini, anafumba macho na kusikiliza. Nozeli nzima hukata mafuta kwa mlio mkavu, iliyochoka hudondosha. Mafundi wenzake walikuwa wakibishana kutwa nzima juu ya gari linalotoa moshi, yeye anapita na kikombe chake cha chai na kusema, "Silinda ya tatu," halafu anaendelea na safari yake. Mara nyingi alikuwa sahihi. Mara alizokosea aliziandika ukutani kwa penseli, na ziko pale hadi leo, kumi na saba, kila moja na tarehe yake.

Mumewe ni fundi cherehani, na sisi wa karakana tunamwita Shemeji bila kujali nani ameoa wapi. Mama Robo alibeba mimba zake mbili akiwa kazini, na Shemeji ndiye aliyekuwa akiongeza vipande vya kitambaa ubavuni mwa ovaroli, mwezi hadi mwezi. Binti yao wa kwanza alipozaliwa, Shemeji akavipunguza. Wa pili alipokuja, akavirudisha. Ovaroli ile ilikuwa na mishono mingi kuliko shuka kuukuu, na Mama Robo aliivaa mpaka ikakataa yenyewe.

Jina la Robo lina historia yake. Nyuma ya pampu ya dizeli kuna skrubu ndogo inayoamua injini ipate mafuta kiasi gani. Ukiizungusha kidogo kuelekea ndani, mafuta yanaongezeka na gari linavuta zaidi. Madereva wote wanalijua hilo, na wote walikuwa wakipita chumba cha nozeli wakijifanya wamekuja kusalimia. "Dada, hebu niongezee kidogo, gari langu limekuwa zee." Naye, akiona injini inafaa, alikuwa akijibu, "Robo tu," yaani robo ya mzunguko mmoja, asizidishe. Akawa Dada Robo. Miaka ikapita, akawa Mama Robo. Vijana walioajiriwa juzi wameshaanza kumwita Bibi Robo, ingawa huangalia kwanza kama ameshika spana.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi waliokuja baadaye hawalijui.

Katika mwaka wake wa kumi na moja kazini, kulikuwa na dereva wa pikapu tuliyekuwa tukimwita Mjomba. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, na kila asubuhi alipandisha mafundi na mabomba kwenye kilima cha matangi ya maji. Barabara ile ina kilomita mbili za mpando na kona tatu, na hospitali iko juu kabisa, baada ya matangi. Pikapu yake ilikuwa imechoka. Ikifika kona ya pili inapanda kwa gia ya kwanza, watu wa miguu wanaipita, na watoto wa shule wanamuuliza Mjomba kama anataka wamsukume. Akaja kwa Dada Robo. Akaongezewa robo. Pikapu ikachangamka, na Mjomba akarudi wiki iliyofuata akiwa na furaha ya bwana harusi.

"Dada, umenifufua. Nipe robo nyingine."

Dada Robo alijua haikufaa. Amenieleza mwenyewe, na amesema niandike hivyo hivyo: alijua. Injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa ina kiasi chake cha hewa. Ukiizidishia mafuta bila hewa, yanayobaki yanageuka moshi mweusi na joto, na joto hilo linakula pistoni taratibu. Lakini Mjomba alikuwa rafiki yake, ilikuwa Ijumaa, na kusifiwa ni kutamu. Akazungusha robo ya pili. Hakuandika popote.

Siku kumi na mbili baadaye, pikapu ikiwa na mabomba ya chuma na mafundi wawili nyuma, pistoni moja iliyeyuka kwenye kona ya pili na injini ikazima. Breki za gari lile zilitegemea injini kuzipa msaada; injini ikifa, mguu wa dereva unabaki peke yake. Pikapu ikaanza kurudi nyuma. Mafundi wawili waliruka wakapona. Mjomba hakuruka, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu wanapanda kwa miguu. Alishika usukani, akaangalia kioo, akaipeleka pikapu kwenye ukingo wa udongo kwa makusudi. Ilisimama. Nyonga yake ilivunjika.

Pikapu ilivutwa hadi karakana Alhamisi mchana. Mkaguzi alikuwa afike Jumatatu. Kila mtu alisema ni uzee wa injini, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kusema vingine. Ijumaa, watu walipokwenda kula, Dada Robo alikuja dirishani kwangu akaomba spana namba kumi na tatu. Nikampa, akaweka sahihi. Namba kumi na tatu ndiyo inayofungua nati ya skrubu ile, ila siku hiyo mimi sikuwaza lolote. Kuirudisha skrubu mahali pake ni kazi ya dakika mbili.

Baada ya nusu saa alinirudishia spana. Ilikuwa na vumbi la rafu, kama nilivyompa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinipita, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa karakana wa wakati ule, akamwambia, "Njoo uone kitu kabla mkaguzi hajaja." Akamfungulia boneti, akamwonyesha skrubu, akasema, "Hii nimeizungusha mimi. Mara mbili."

Siku hiyo hiyo alikwenda hospitali. Shemeji alimsindikiza, akabaki mlangoni na kofia mkononi, ndiye aliyenisimulia. Mjomba alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa uzani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, usijitwishe. Si mimi niliyekuomba?"

"Uliomba," akasema Dada Robo. "Lakini mimi ndiye niliyekuwa najua."

Mjomba akageuza uso ukutani. Hakumjibu siku ile, wala siku ya pili. Siku ya tatu alimwomba amsogezee maji ya kunywa, na Shemeji anasema hapo ndipo walipoanza tena kuwa watu.

Adhabu ya Dada Robo ilikuwa miezi kumi na minne katika sehemu ya matairi, na jina lake kuondolewa kwenye orodha ya waliokuwa wapandishwe cheo. Alibandua matairi ya malori kwa chuma na nyundo, akaziba pancha, bila kununa na bila kujionyesha kuwa anavumilia. Tulipoacha kumwita Robo kwa kumwonea haya, alitukatalia. Alisema jina ni lake na amelifanyia kazi. Aliporudishwa chumba cha nozeli, kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba daftari kwangu kwa kila gari la idara. Tangu hapo, skrubu yoyote ikiguswa, inaandikwa: nani, lini, kiasi gani, kwa nini. Skrubu yenyewe inapigwa rangi na kufungwa waya wenye muhuri wa risasi, ili ikiguswa ijulikane. Mtindo huo sasa unatumika katika karakana zote za idara, na wengi wanadhani ulitoka makao makuu.

Mjomba hakuendesha tena. Alipewa meza ya simu ya upepo, akawa sauti inayowaongoza madereva wetu wote, fimbo yake ikiwa imeegemea kiti. Chumba chake kinatazamana na stoo.

Miaka mitatu iliyopita ikaja habari ya pikapu namba kumi na nne. Madereva waliiita Kobe, na hapakuwa na haja ya kuuliza sababu. Ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na gari jipya halikuwamo kwenye mpango wa mwaka ule wala uliofuata. Mkuu wa usafiri, mama mwenye haraka na sauti ya kengele, alikuja na turbo iliyotolewa kwenye gari la aina ile ile lililokwisha kwa ajali. Akaiweka juu ya meza ya Mama Robo.

"Fundi, nataka Kobe apande kilima na jenereta nyuma. Wiki moja inatosha?"

Mama Robo aliizungusha ile turbo kwa kidole, akaisikiliza, akaiweka kando. "Kwanza nione nguvu zake za zamani zimekwenda wapi," akasema.

Wiki ya kwanza hakugusa pampu. Alimketisha dereva wa Kobe kwenye kiti, akamwambia akanyage mafuta mpaka mwisho, yeye akachungulia chini ya boneti. Mkono wa pampu uliishia njiani. Akamwambia akanyage zaidi. Dereva akaapa amefika chini. Mama Robo akaja mlangoni, akainama, akavuta kitu chini ya pedeli: kipande cha zulia la sebuleni, nene, lenye maua, ambalo dereva alikuwa amelitandika ili miguu yake istarehe. Miaka minne gari lilikuwa halijapata kukanyagwa sawasawa. Tangu siku hiyo dereva yule anaitwa Zulia, na hata mkewe ameshakubali.

Mengine yalifuata. Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi hadi haipitishi pumzi. Bomba la eksozi, la kutolea moshi, lilikuwa limebonyezwa na jiwe, mahali ambapo hapaonekani mpaka ulale chini. Nozeli mbili zilikuwa zinadondosha. Nafasi za valvu, vile vilango vya hewa na moshi ndani ya injini, zilikuwa zimepotea kipimo. Magurudumu yalikuwa makubwa kuliko yanayotakiwa, kwa sababu Zulia aliona yanampendeza. Yakarudishwa ya saizi yake, naye akahuzunika kama aliyenyolewa kwa nguvu. Halafu Kobe akapelekwa kilimani na magunia ya mchanga, mzigo ule ule aliopimwa nao kabla ya matengenezo. Mwanzo alitumia dakika kumi na moja. Sasa alitumia nane na nusu. Hakuna kilichoongezwa bado. Kilikuwa kimerudishwa kilichokuwa chake.

Baada ya hapo nilidhani atafunga turbo. Yeye akaanza na breki. Akabadilisha mabomba yake, vitambaa vyake vya kubania magurudumu, na ile pampu inayozipa msaada. Akasafisha rejeta inayopoza injini. Akaweka klachi mpya. Kisha akaniagiza saa ya kupima joto la eksozi, yenye mshale, ya kukaa mbele ya dereva. Sikuwa nayo, na ilichukua wiki tano kufika. Mkuu wa usafiri akaja kusimama mlangoni.

"Fundi, turbo iko hapa, gari liko hapa, na wewe uko hapa. Tunasubiri nini?"

"Saa."

"Saa gani tena?"

"Ya kuniambia nimefika wapi."

Saa ilifika. Akafunga turbo, ambayo kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi zaidi ili mafuta yaungue yote. Akaipangia msukumo mdogo, kwa sababu injini ilikuwa ya kizamani na haikuzaliwa na kitu hicho. Akatengeneza eksozi pana. Mwisho kabisa ndipo akaja dirishani kwangu kuomba spana namba kumi na tatu. Safari hii nilijua ya nini. Nilimpa na hatukuangaliana.

Alizungusha robo. Wakapanda kilima, akasoma mshale, akaandika. Alirudi akazungusha nusu ya robo, wakapanda tena, akaandika. Akaishia hapo. Juu ya kioo cha saa alichora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu iliyokolea, akamwambia Zulia: "Mshale ukifika hapa, mguu unatoka. Hata akuite nani huko juu." Kobe alipanda kwa dakika sita na nusu, gia ya tatu hadi kona ya pili. Jina likabaki Kobe, ila sasa linatamkwa kwa heshima.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, transfoma ya umeme ya matangi ya juu iliungua asubuhi. Pampu zikasimama. Hospitali ilikuwa na maji ya kufika saa sita mchana tu, na wodi ya wazazi ilikuwa imejaa. Lori letu kubwa lingeweza kubeba jenereta bila jasho, lakini daraja la chini ya kilima lilikuwa linatengenezwa na uzito wake haukuruhusiwa. Ilibaki Kobe. Wakamfunga jenereta ya magurudumu nyuma. Mama Robo aliingia mbele pembeni ya Zulia, kwa kuwa mzigo ule ulikuwa mzito kuliko wowote aliokuwa ameupima.

Mimi nilikuwa chumbani kwa Mjomba, maana siku ile hakuna aliyefanya kazi yake kwa utulivu. Yaliyotokea ndani ya gari nimeyapata kwa Zulia. Jua la saa tano lilikuwa kali, lami inalainika. Mpaka kona ya kwanza walikwenda vizuri. Karibu na kona ya pili mshale ukafika kwenye mstari mwekundu.

"Toa mguu," Mama Robo akasema.

"Mama, nikitoa tunakwama."

"Basi tukwame. Ingia pale palipo tambarare."

Zulia akaingia. Mama Robo akashuka na magogo mawili ya mbao, akayapiga nyuma ya magurudumu ya Kobe na ya jenereta. Injini wakaiacha iungurume polepole ili turbo ipoe. Simu ya upepo ikalia mezani kwa Mjomba.

"Tumesimama kona ya pili," ikasema sauti ya Mama Robo. "Tunapoza."

Mkuu wa usafiri alikuwa amesimama nyuma yetu. Akachukua kipaza sauti. "Mnapoza? Hospitali wananipigia kila dakika! Hilo gari linaweza kwenda au haliwezi?"

"Linaweza. Si sasa."

"Dakika ngapi?"

"Mpaka mshale urudi."

Mkuu wa usafiri alifungua mdomo. Mjomba akanyoosha mkono, akakichukua kile kipaza sauti kutoka mkononi mwake, polepole na kwa adabu, kama anavyopokea mtu kikombe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika nyonga. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele za watu.

"Kaeni hapo hapo," akasema. "Hospitali nitaongea nao mimi."

Akawapigia. Akawaambia maji yanakuja, yatachelewa kidogo, wapunguze matumizi, waitafutie vyombo wodi ya wazazi kwanza. Aliongea nao kwa sauti ile ya zamani ya ucheshi mpaka sista mkuu akacheka upande wa pili. Kisha sote watatu tukaikodolea macho saa ya ukutani. Dakika tisa ni nyingi sana. Mkuu wa usafiri alihesabu vigae vya sakafu kwa ncha ya kiatu.

Dakika ya kumi simu ikalia. "Tunaondoka. Gia ya kwanza."

Walifika saa tano na dakika arobaini na nane. Jenereta ikawashwa, pampu zikavuta, na maji yakafika wodini saa sita na dakika sita. Sista mkuu alisema baadaye walikuwa wamebakiwa na ndoo mbili.

Je, injini ingevumilia kama wasingesimama? Hatutajua. Niliwahi kumuuliza, akasema hata yeye hajui, na kwamba ndiyo sababu alisimama.

Kobe aliporudi jioni, Mjomba alitoka na fimbo yake hadi uwanjani, jambo ambalo huwa halifanyi. Mama Robo alikuwa anakagua mipira ya rejeta.

"Umesimama pale pale," Mjomba akasema.

"Pale pale."

"Pana tambarare pale. Mimi siku ile sikuiona."

"Ulikuwa unaangalia watu nyuma."

Mjomba akaegemea boneti, akakaa naye mpaka injini ikapoa kabisa. Walizungumza nini zaidi sikusikia, na sikujisogeza.

Zipo kazi nyingine za kutaja, na ofisi imeniomba nizitaje. Amefundisha mafundi kumi na tisa, wanne kati yao wanawake. Wawili wanabaki katika chumba cha nozeli kuanzia Julai, dada mmoja na kaka mmoja, na wameshaanza kugombana kuhusu dirisha, dalili kwamba chumba kiko salama mikononi mwao. Amefufua jenereta sita zilizokuwa zimeandikiwa kutupwa. Kwa miaka minane mfululizo hakuna gari la dizeli la idara lililokufa injini barabarani. Cheo kilichomponyoka alikipata miaka kumi baadaye, na alipokabidhiwa barua aliisoma, akaikunja, akaenda kumalizia nozeli aliyokuwa ameiacha mezani.

Naomba niongeze moja ambalo halimo katika faili lolote. Miaka sita iliyopita nilimpa fundi mafuta ya breki yasiyo yenyewe kwa ajili ya gari la wagonjwa. Makopo yalifanana. Niligundua wakati wa kufunga stoo, na gari lilikuwa limeshatiwa, linangoja kuondoka asubuhi. Hakuna aliyeniona. Nilikaa kwenye kiti changu nikijiambia huenda hayatadhuru. Kisha nikaikumbuka spana iliyorudishwa na vumbi lake, nikasimama, nikaenda kumwambia mkuu wa karakana. Niliandikiwa onyo, na bado ninalo. Mama Robo, sikuwahi kukwambia. Sasa umesoma.

Tunakushukuru kwa kila gari lililorudi nyumbani na watu wake. Tunamshukuru Shemeji kwa kutuazima mke wake kwa miaka yote hii. Ametulalamikia kwamba gari likipita nje wakati wa chakula unaacha kijiko hewani, unasikiliza, unasema "valvu," na chakula kinapoa. Anaomba kuanzia Julai ule kikiwa cha moto.

Nenda, mama yetu, na afya yako na mikono yako mizima. Ulale mpaka jua liingie dirishani bila king'ora cha karakana kukuamsha. Wajukuu wakuchoshe vizuri, na magari yapite yakiwa mazima ili ule kwa amani. Na siku ukipita hapa na kusikia silinda ya tatu inadondosha, usijizuie. Ingia tu.